Msimu wa mashua huanzia nchi kavu

Hapa Lamu mwenye mashua huchuma pesa yake nyingi kati ya katikati ya Desemba na mwisho wa Machi. Ndiyo miezi ya kaskazi: jua kali, mvua haba, upepo wa nodi 10 hadi 15 unaoamka mchana na kulegea usiku, na bahari ya nje ya Shela inapitika. Wageni hujaa, wavuvi huenda mbali, na shehena ya Pate na Kizingitini hufika kavu. Baadaye upepo hugeuka, mvua huanguka, na chombo huingia katika miezi ambayo wengi huihesabu kuwa ya kukaa bure. Mimi, kadiri nilivyokaa na mashua, nimezidi kuamini kwamba chombo cha mbao huharibika zaidi kikiwa kimelala kuliko kikiwa safarini. Ukitaka kujua Desemba yako itakuwaje, tazama ulifanya nini Mei na ulifanya nini Septemba.

Yangu ni mashua ya futi 28 iliyoundwa Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo hapa Lamu. Mbao zake ni za mwembe na mbambakofi, mataruma, yaani miti ya ndani inayoshikilia mbao, ni ya miti iliyopinda yenyewe ikiwa bado imesimama porini, na ina mlingoti mmoja, foromali moja ya kubebea tanga, na tanga lenyewe la pembe tatu. Injini ndogo naibeba kwa dharura tu. Kila kitu ndani ya chombo hiki, isipokuwa hiyo injini na misumari, kinakunywa maji na kukauka, kwa hiyo kila badiliko la hewa huonekana juu yake kabla sijaliona mimi.

Upepo unaotutawala hauzaliwi hapa. Kuanzia Aprili na Mei nchi za Asia hupata joto, hewa ya juu ya India hupanda, na hewa kutoka kusini mwa ikweta huvutwa kwenda kujaza pengo. Hiyo ndiyo kusi, na hutupitia kwa nguvu hadi Septemba. Novemba mambo hugeuka: Asia imepoa, na hewa huteremka kwetu kutoka kaskazini mashariki ikiwa laini zaidi. Kujua hilo kumenisaidia kwa jambo moja la kazi. Siku moja shwari katikati ya Juni haimaanishi kwamba kusi imechoka. Kinachoisukuma kiko mbali sana, na bado kinawaka.

Hesabu ya nguvu ya upepo ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Upepo wa nodi 20 haulisukumi tanga mara mbili ya upepo wa nodi 10. Hulisukuma mara nne. Ndiyo maana nina matanga mawili, kubwa la kaskazi na dogo la kusi, na ndiyo maana magunia ya mchanga ya farumi, yaani ya kutia chombo uzito, huongezeka ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, kusi ikiingia. Wakati wa kaskazi nahodha hodari anaweza kulibeba tanga kubwa kwa watu wawili tu wa kuegemea upande wa upepo. Tanga lilelile ukilitweka mwezi wa Juni pale mlangoni mwa Shela, ambapo mawimbi ya bahari kuu hupasuka juu ya fungu la mchanga, litavunja foromali au litapindua chombo. Nimeona foromali ikivunjika hivyo. Mlio wake husikika hadi ufukweni.

Lakini nianze na mwisho wa msimu, maana hapo ndipo kazi inapoanzia.

Mwisho wa Machi upepo hukosa uamuzi. Asubuhi hutoka huku, jioni hutoka kule, mchana hakuna kitu kabisa. Wazee wanaita tanga mbili. Wageni bado wapo wachache na mtu hushawishika kuvuta siku, apate safari mbili tatu za ziada. Mimi siku hizo nazitoa kwa tanga. Nalitua, nalifua kwa maji ya kisima mpaka chumvi itoke, nalianika siku kavu mbili mfululizo, kisha nalikunja na kulitundika juu darini, mbali na panya. Chumvi huvuta unyevu wa hewani. Tanga la pamba lililokunjwa na chumvi yake halikauki masika nzima. Hushika ukungu, madoa meusi huenea kwenye mikunjo, na Desemba nguo huchanika kwa kuvutwa na mkono. Mvua za kwanza zikishaanguka, nafasi hiyo imepita. Huwezi kuanika tanga mwezi wa Mei hapa.

Masika yenyewe, na hasa Mei, ndiyo miezi ninayoiogopa kwa ajili ya mbao. Ajabu yake ni kwamba maji ya chumvi huhifadhi mbao na maji ya mvua huziozesha. Uozo ni kazi ya kuvu, na kuvu hupenda maji yasiyo na chumvi, kivuli na hewa iliyotuama. Tazama mashua yoyote ya zamani: mbao zinazokaa majini siku zote mara nyingi ni nzima, na uozo uko juu, kwenye vichwa vya mataruma, chini ya feuli, pa kuwekea kamba na mizigo, mahali ambapo mvua hutiririka na kutuama kwenye pembe. Kwa hiyo kila baada ya mvua kubwa naenda kufua maji ngamani, na nikimaliza namwaga ndoo kadhaa za maji ya bahari juu ya mataruma. Vijana wa bandarini hunitazama nikimwaga maji ndani ya chombo nilichotoka kukikausha. Hiyo chumvi ndiyo dawa yangu, na haina bei. Juu nasimamisha paa la makuti lililoinuliwa vya kutosha upepo upite chini yake. Turubai la plastiki lililofungwa hadi ukingoni huzuia mvua, ndiyo, lakini hufungia joto na unyevu ndani, na kuvu haihitaji zaidi ya hapo.

Sasa, chombo kilale wapi kusi ikivuma? Hili ndilo swali ambalo hali ya hewa humwuliza kila mwenye mashua, na halina jibu safi. Mbele ya mji na Shela kusi huingia moja kwa moja kwenye mkondo kati yetu na kisiwa cha Manda. Maji yakitoka huku upepo ukiingia, mawimbi husimama wima na vyombo hugongana kwenye nanga usiku kucha. Njia rahisi ni kuingia hori la mikoko, mkono mwembamba wa bahari, ambako maji ni kama ya kisima hata siku ya dhoruba. Kuna utulivu huko, na kuna yule mdudu atoboaye mbao. Hapo kwenye mikoko ndipo alipo nyumbani. Hula magogo yaliyoanguka, na kwake mashua yako ni gogo jingine. Huingia akiwa mdogo kuliko punje ya mtama, tundu lake la nje huonekana kwa shida, na akishaingia hukua ndani ya ubao akifuata uzi wake.

Jamaa mmoja tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja aliilaza mashua yake horini tangu Mei. Haikuvuja tone. Septemba tulipoipandisha, rangi ilikuwa nzuri na mbao zimenyooka. Fundi akapita akigonga kwa mpini wa nyundo, akasimama karibu na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, akabonyeza kwa kidole gumba, kidole kikaingia. Mbao tatu za chini zilikuwa zimebaki ganda tu. Msimu ule hakutoka hadi Februari.

Mimi nimechagua njia ya kati, nayo inataka miguu. Chombo kinalala horini siku za upepo mkali, na kila bamvua, maji makubwa, nakitoa na kukilaza juu ya mchanga kikauke. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukipevuka, na kwetu lina heri moja kubwa kwa mtu wa kazi: maji hujaa mnamo saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Yaani ukikileta chombo ufukweni alfajiri, maji yakikiacha una asubuhi nzima ya mwanga. Tofauti ya maji ni kama mita tatu, inatosha kuufikia mkuku wote. Tunakwangua chaza na majani ya bahari, tunapitisha moto wa makuti makavu chini ya mbao kwa mwendo wa haraka ili joto limfikie mdudu mchanga bila kuunguza ubao, kisha tunapaka shahamu, mafuta ya mnyama, na chokaa. Wanaoweza kununua rangi ya shaba hupaka hiyo. Hudumu zaidi, ila lazima ubao uwe umekauka, na mwezi wa Juni ubao haukauki kwa asubuhi moja. Rangi ghali juu ya ubao mbichi hubanduka kabla ya Idi. Katika miezi ya mvua mimi narudi kwenye shahamu bila aibu yoyote.

Kazi kubwa, ile ya kubadilisha mbao na kukalafati, yaani kuziba mishono kwa pamba, ina wakati wake, na wakati huo ni demani, Septemba na Oktoba, kusi ikiwa imepungua, mvua za vuli hazijafika, na jua halijawa lile la Januari. Sababu yake nilifundishwa na fundi mzee wa Matondoni. Nilikuwa nimempelekea chombo baada ya wiki kadhaa za jua kali, mishono imeachana hadi unaona mwanga ndani. Nilitaka ijazwe pamba siku ileile.

"Ami, mbona husogei?" nikamwuliza. "Si unaona nafasi ilivyo pana?"

"Naiona, mwanangu. Ubao huu una kiu. Nikiugongea pamba yote unayoitaka leo, kesho ukinywa maji utavimbia wapi?"

Akaagiza magunia yaliyoloweshwa maji ya bahari yafunike mbavu za chombo, tukayamwagia asubuhi na jioni, na akanirudisha nyumbani. Alipoanza kazi mishono ilikuwa imejirudi nusu. Alizungusha nyuzi za pamba zilizolowa mafuta, akazisukuma kwa patasi butu na nyundo ya mti, bila haraka, akisikiliza mlio ukibadilika pamba ikikaa. Ubao uliokauka kupita kiasi ukikalafatiwa kwa nguvu, ukirudi majini huvimba, hukosa nafasi, na husukumana hadi misumari kwenye mataruma inang'oka. Hapo umefanya kazi nzuri siku isiyofaa, na chombo kinavuja kuliko mwanzo. Kwa upande mwingine, ukikalafati katikati ya masika ubao ukiwa umeshiba maji, Januari utasinyaa na pamba itabaki inaning'inia. Demani ubao uko katikati, na ndio ubao unaotakiwa.

Misumari pia hufanyiwa wakati huo. Tunatumia ya chuma iliyopakwa zinki, kichwa kimefungiwa pamba yenye mafuta na kuzamishwa ndani ya ubao. Ukiona machozi ya kutu yakishuka kutoka kwenye kichwa cha msumari, kwa ndani umekwisha kuliwa shingo. Mwisho wa yote hupakwa sifa, yale mafuta ya samaki, juu ya mstari wa maji. Harufu yake inajulikana. Naiacha ikae wiki kabla mgeni hajapanda.

Tatizo ni kwamba demani haina urefu mmoja kila mwaka. Wazee wa pwani huhesabu siku kwa miongo, yaani kumi kumi, tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jua unaoangukia Julai, na siku ya mia huja mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Hesabu hiyo naiheshimu na bado naitumia, maana jua halijabadili njia. Mvua ndiyo iliyobadilika. Mwishoni mwa 2019 vuli ilikuja kwa nguvu ya masika, na mwishoni mwa 2023 tena, mwaka wa El Niño, pwani na bara zikafurika. Miaka hiyo miwili ilikuwa na jambo moja la pamoja: upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia ulikuwa umepoa. Hali hiyo huonekana mapema, na Idara ya Hali ya Hewa huisema katika utabiri wake wa msimu kabla ya Oktoba. Siku hizi nikisikia hivyo, chombo hupanda nchi kavu siku za kwanza za Septemba, hata kama kusi bado inanipa shida ya kukifikisha Matondoni. Nikisikia vuli itakuwa haba, najipa nafasi ya kungoja hadi Oktoba, ubao ukauke vizuri zaidi.

Na Mei 2024 ulikuja upepo ambao wazee hawakuwa na hesabu yake. Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania karibu na Mafia, mahali ambapo vimbunga si kawaida kabisa, kwa kuwa pako karibu mno na ikweta. Kwetu Kenya shughuli za baharini zilisimamishwa kwa tahadhari. Tuliokuwa tumekwisha kutua matanga na kuingiza vyombo horini hatukuwa na la kufanya ila kuongeza kamba. Tangu hapo nanga ya pili na kamba nene haziteremki kutoka kwenye chombo, hata Januari.

Kaskazi yenyewe, baada ya kungojewa hivyo, ina taratibu zake. Asubuhi bahari ni shwari, upepo huamka saa nne au saa tano, na alasiri unakuwa umekamilika. Safari ya Kiwayu, iliyo kaskazini mashariki yetu, ni bisho, kwenda dhidi ya upepo, mwendo wote, kwa hiyo mgeni namwambia tangu siku ya kwanza: tutaondoka kabla ya jua, tutapita ndani nyuma ya Pate tukifuata maji, na kwenda kutachukua muda mrefu kuliko kurudi. Anayetaka saa kamili ya kufika nampeleka kwa boti ya mashine ya mwenzangu, na simchukii kwa hilo. Takwa, penye magofu upande wa pili wa Manda, hufikika kwa hori maji yakiwa yamejaa tu. Ukizubaa kwenye magofu unapwelewa hadi usiku. Wavuvi nao huufurahia msimu huu kwa sababu ya mikondo: ule unaoshuka kutoka Somalia hukutana na wetu unaopanda, huku kaskazini mwa Kenya, na maji ya chini yenye rutuba hupanda juu. Samaki huongezeka, na mashua za mizigo hupata barafu na samaki wa kubeba.

Kinachoumia kaskazi ni vitu vya juu. Jua la Januari hula nyuzi za tanga kuliko upepo wa kusi unavyozivuta. Tanga likishuka, hata kwa mapumziko ya chakula, nalifunika kwa kitambaa. Sitaha namwagia maji ya bahari jioni ili mbao zisipasuke. Chombo hakikai nchi kavu zaidi ya maji mawili. Kikipwelewa mchana kutwa juani, jioni unaiona mishono ikifunguka.

Vijana wanaotaka kununua mashua hunijia Novemba, msimu ukinukia, na ndipo vyombo vinapokuwa vimepakwa rangi mpya na bei imepanda. Nawaambia waende kutazama Julai. Nenda asubuhi ya bamvua, maji yakiwa yamepwa, chombo kikiwa na ukoko wake wa kusi na hakuna aliyekipamba. Pita na mpini wa nyundo kutoka mkuku kwenda juu, usikilize. Inua mbao za sakafu uone kama maji yaliyo ngamani ni ya chumvi au ya mvua, onja tu. Shika vichwa vya mataruma chini ya feuli, hapo ambapo brashi ya fundi haifiki. Omba kuona tanga lilipotundikwa na ulifunue mkunjo wa ndani kabisa. Kisha mwulize mwenyewe chombo kililala wapi Mei na Juni. Akikujibu horini, na hawezi kukwambia mara ya mwisho kilipopanda mchangani, anza na mbao tatu za chini, upande wa mkuku, kwa kidole gumba.